"Nitakwambia Baadaye"

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili)

Mazungumzo yangu leo yanawahusu watu ambao hawanisikii. Sisemi hivyo kwa mzaha. Redio, hata ukiifungulia mpaka mwisho, haimfai kiziwi kwa lolote, isipokuwa ule mtetemo anaoupata akiweka kiganja juu ya spika. Nashukuru kwamba maneno haya huchapishwa pia gazetini, na huko wale viziwi waliobahatika kufundishwa kusoma vizuri watayaona na kuniuma sikio pale nitakapokosea. Lakini ninaosema nao hasa ni ninyi mnaosikia: baba, mama, shangazi, kaka na dada wa kijana kiziwi, pamoja na majirani zake.

Nataka tumwangalie kijana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na tisa, na jinsi anavyojiona. Umri huo tumeupitia sote. Ni umri wa kusimama mbele ya kioo mpaka mtu mwingine agonge mlango wa bafu. Chunusi moja puani inaweza kumfanya mtoto akatae kwenda shule. Shingo ndefu, kisogo, meno, miguu, rangi, kifua kilichowahi kuchomoza au kilichochelewa, vyote hivyo huwa ni kesi, na hakimu ni yule yule mshtakiwa.

Wataalamu wameupima umri huo kwa miaka mingi. Mwaka 1965 Mmarekani mmoja, Morris Rosenberg, alitoa kitabu baada ya kuwahoji wanafunzi wapatao 5,000 wa shule za sekondari katika jimbo la New York. Alitumia sentensi kumi tu, za namna ya kumwuliza kijana kama anaridhika na nafsi yake, kama anajiona ana thamani sawa na wenzake, kama wakati mwingine anajiona hafai kitu. Sentensi zile kumi zinatumika mpaka leo dunia nzima. Mwaka 1985 Ed Diener na wenzake wakaongeza kipimo kingine cha sentensi tano, hiki cha kuridhika na maisha. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiwalinganisha vijana viziwi na vijana wanaosikia: ni nani anayejithamini zaidi, ni nani anayeuchukia mwili wake, ni nani anayeyafurahia maisha?

Ukiwauliza watu kumi pale Kariakoo, wote watakujibu bila kufikiri: bila shaka kiziwi ndiye anayejidharau, maskini, atajipendaje na Mungu amemnyima masikio? Jibu hilo ni jepesi mno. Matokeo ya utafiti hayakwenda hivyo. Mara nyingine viziwi wameonekana kuwa chini, mara nyingine tofauti imekuwa ndogo au haikuwapo kabisa. Mwaka 1993 mtafiti Yael Bat-Chava alikusanya tafiti nyingi za namna hiyo na kuzipitia kwa pamoja, akakuta kwamba sikio si neno la mwisho. Viziwi waliokulia katika nyumba inayotumia lugha ya alama walijithamini kuliko wale waliokulia katika nyumba isiyowasemesha. Mwaka uliofuata, katika utafiti wake kwa viziwi watu wazima, alikuta pia kwamba wale waliojitambua kuwa ni wa jamii ya viziwi, wakaona fahari kuwa nayo, walikuwa na hali nzuri ya nafsi. Naomba tulishike jambo hilo, maana lililobaki la jioni hii linatoka humo.

Lakini kwanza tumtazame kijana anayesikia, asije akadhani leo hatumjali.

Sisi watu wa mjini hatuoni haya kutaja maumbo ya wenzetu. Hujamwona mtu miezi mitatu, salamu ya kwanza: "Loo, umenenepa!" Au: "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Mtoto mwembamba ataitwa njiti, mnene ataitwa bonge, mwenye kichwa kikubwa atapewa jina ambalo atazikwa nalo. Tunaita utani. Zamani angalau kunenepa kulikuwa sifa. Mtu alinawiri, watu wakajua anakula vizuri. Na katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa hauna dawa za kuufubaza, kijana akikonda tu kwa malaria, mtaa mzima ulinong'ona kwamba amekanyaga miwaya. Leo binti yule yule anadaiwa kiuno cha nyigu na papo hapo nyonga za mama wa watoto sita. Vitu hivyo viwili Mola huwapa pamoja watu wachache sana, na waliobaki hununua. Anapaka mkorogo, na mwingine una zebaki ndani yake, sumu inayoharibu figo. Serikali imekataza vipodozi hivyo lakini bado vinauzwa kwa kificho, wakati mwingine hata jina la kiwanda halimo kwenye kopo.

Na msidhani mambo haya yanatuhusu sisi pekee. Kule visiwa vya Fiji, katika bahari ya Pasifiki, watu walipenda miili iliyojaa kama watu wetu wa pwani walivyopenda. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa wa Nadroga. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo huo, akarudi mwaka 1998 akawahoji wengine wa umri ule ule. Safari ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Safari ya pili wasichana 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo. Ilikuwa miaka mitatu tu, tena kwa televisheni, sanduku moja sebuleni ambalo baba akiamua analizima. Siku hizi televisheni imo mfukoni mwa sketi ya mtoto, na ina kidude cha kumng'arisha ngozi na kumchonga pua kabla hajaituma picha yake kwa wenzake.

Sasa mchukueni kijana huyo huyo, wa jiji hili hili, mwenye simu ile ile, muondolee sauti.

Wengine watasema: heri yake! Hawezi kusikia akiitwa bonge. Hilo ni kosa kubwa, ndugu zangu. Kiziwi haoni kidogo, anaona sana. Anaona midomo ikisogea, anaona macho yakimgeukia kisha yakaondoka haraka, anaona watu wanne wakicheka. Kijana anayesikia ameambiwa tusi moja, analijua, anaweza hata kulijibu. Kijana kiziwi amepewa kicheko bila maneno, na maneno inabidi ayajaze mwenyewe. Katika umri wa miaka kumi na mitano atayajaza kwa nini? Kwa kile kile anachokiogopa zaidi mwilini mwake.

Kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Mvulana anapobalehe sauti yake hukatika, mara nene, mara nyembamba, kama jogoo anayejifunza kuwika. Mvulana anayesikia hujisikia, akaona haya, akapunguza kusema mpaka sauti itulie. Mvulana kiziwi anayetumia sauti hajui kwamba imekatika. Jana aliita mtu hakuna aliyegeuka, leo akiita watu wanaangua kicheko. Nani atamweleza kilichotokea kooni mwake?

Tuingie nyumbani kwake. Siitaji nyumba ya mtu. Chukueni yoyote, Mbagala, Temeke, Sinza, hata Eastleigh kule Nairobi. Saa mbili usiku, sahani kubwa ya wali katikati, au kila mtu na sahani yake mbele ya televisheni. Baba anasimulia jinsi kondakta wa daladala alivyogombana na abiria. Mama anadakia. Kaka anaigiza. Wote wanacheka mpaka machozi. Kijana kiziwi anainua macho, anamgusa dada yake bega, anauliza kwa mkono: nini? Dada anatikisa kichwa, anafanya ishara ya kwamba si kitu. Akiuliza tena anaambiwa "nitakwambia baadaye." Baadaye haiji. Au inakuja ikiwa sentensi moja: "Baba alisema habari za daladala." Nusu saa ya vicheko, yeye amepata maneno matano, tena yamepoa.

Viziwi wa nchi nyingi, wasiojuana, wanaieleza meza hii hii ya chakula. Marekani, ambako wamehesabu, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 viziwi wamezaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake ni kwamba kiziwi kwa kawaida ni mgeni nyumbani kwao. Siyo kwamba hapendwi. Analishwa, anavishwa, anaombewa, pengine analindwa kuliko wenzake. Lakini hazungumzwi naye. Na mtu asiyezungumzwa naye hujumlisha hesabu yake mwenyewe: habari hizi hazinihusu, kwa hiyo mimi sina kazi hapa. Msimwulize tena zile sentensi kumi za Rosenberg. Jibu mmekwisha kumpa mezani.

Wapo wazazi wanaosema, "Lakini anasoma midomo, anatuelewa." Nendeni mbele ya kioo leo usiku. Fungeni sauti, semeni kwa midomo tu: baba. Kisha semeni: mama. Kisha: papa. Midomo imefungwa mara mbili, imefunguka mara mbili, basi. Ni neno moja. Ikiwa baba na mama na samaki papa ni kitu kimoja kwenye midomo, kijana huyo atazitofautisha vipi habari za mapenzi, za uchumba, za maradhi, zinazosemwa haraka haraka na mtu aliyegeuza shingo kutazama taarifa ya habari?

Hapa nataka nikae kidogo kwa ajili ya wasichana. Kwetu sisi binti akivunja ungo kuna mtu wa kumfunda. Pwani alikuwapo kungwi, kwingine bibi au shangazi. Siku hizi mjini pengine ni mwalimu wa kike, au dada mkubwa na maneno mawili ya mlangoni. Mafunzo hayo yote ni ya sikio. Unyago wenyewe ni nyimbo na mafumbo. Binti kiziwi akiwekwa katika ngoma ile anaipata ngoma miguuni, anayaona mauno, lakini maana ya fumbo haimfikii. Mama yake, ambaye kwa miaka kumi na mitatu amekuwa na ishara za kula, kulala, njoo na ole wako, ataitoa wapi ishara ya kumweleza kwamba damu hii si ugonjwa, wala si adhabu, kwamba itarudi mwezi ujao, kwamba hajaharibika? Wako mabinti viziwi waliojua habari za miili yao kutoka kwa rafiki wa bwenini mwenye umri sawa na wao, naye alijifunza kwa kubahatisha. Binti wa namna hiyo hawezi kuupenda mwili wake, kwa kuwa hajatambulishwa kwao. Na siku atakapotokea mwanamume wa kwanza kumwonyesha kwa ishara kwamba yeye ni mzuri, hatakuwa na kipimo cha kujua kama mtu huyo ni mchumba au ni mwizi. Wazazi wa mabinti viziwi wanaielewa hofu hiyo, ndiyo maana wengi huwafungia ndani. Kufungia mlango ni rahisi kuliko kujifunza alama hamsini.

Lugha yetu nayo haijakaa kando. Tunasema mtoto mtundu "hasikii." Tunasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tunasema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa Kiswahili kutosikia ni kutotii, na sijui ni walimu wangapi wamemchapa mtoto mwenye masikio yanayotoka usaha kwa kudhani ni kiburi. Wengine huchukua "kiziwi" na kuligeuza tusi, "kiziwi kimekuja." Sarufi yenyewe haiwaungi mkono. Kiti kimevunjika, kisu kimepotea, lakini kiziwi amekuja, kipofu ameondoka. Waliotutangulia waliwarudishia watu hao u-watu wao katika kitenzi. Siku hizi wastaarabu wanalikwepa neno hilo, wanasema "mwenye ulemavu wa kusikia." Sina ugomvi nao. Ila viziwi wenyewe walipoanzisha chama chao nchini mwetu katika miaka ya 1980 walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na jina hilo hawajalionea haya. Wanalolichukia ni "bubu," na wana haki, maana mtu anayebishana kwa mikono miwili kwa saa tatu hawezi kuitwa bubu.

Tena Kiswahili hicho hicho kina neno la kuwatetea. Sisi tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia aibu. Kwa hesabu hiyo, yule kijana pale mezani anasikia sana.

Sasa twende upande wa pili, ambako mambo yanageuka. Wachukueni vijana viziwi thelathini muwaweke pamoja. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki, na ile ya Buguruni hapa Dar es Salaam ikafuata mwaka 1974. Shule nyingi za viziwi za Afrika Mashariki za miaka hiyo zilikazania kusema kwa mdomo. Lilikuwa ni wazo lililotoka mbali: mwaka 1880 walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, walikutana mjini Milan huko Italia, wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo kupewe nafasi na alama ziondoke darasani. Ilichukua miaka 130, mpaka mwaka 2010 mjini Vancouver, Kanada, kwa mkutano wa mlolongo huo huo kuyakataa maazimio yale na kusikitikia madhara yake. Lakini hata pale mwalimu alipokataza mikono, usiku bwenini mikono ilisema. Watoto waliofika hapo kila mmoja na ishara zake tano za nyumbani walikuta lugha.

Ndani ya lugha hiyo mwili una kazi nyingine. Kwetu sisi mwili wa kijana ni wa kutazamwa. Kwa mwenye lugha ya alama mwili ni wa kusemea. Nyusi zikipanda au zikishuka sentensi inakuwa swali. Shavu likijaa upepo, kitu kimekuwa kikubwa au kizito. Bega linageuka, na msimulizi amekwisha kuwa mtu mwingine ndani ya hadithi. Binti anayeficha meno yake yenye pengo kwa kiganja, anayeinamisha uso, huyo katika lugha ya alama amejiziba mdomo. Kwa hiyo wenzake hawamwachi afiche. Wanamwinua kidevu wapate kumsikia kwa macho.

Na majina! Viziwi hupeana majina ya alama, na mara nyingi jina huchukuliwa kwenye kitu kinachoonekana kwa mtu: kovu la shavuni, kidoti, mwanya, masikio yaliyosimama, nywele za kipilipili, tumbo. Kwa sisi tunaosikia hilo lingekuwa tusi la kupeleka watu serikali ya mtaa. Kwao ni jina tu, kama Juma au Neema. Yule mwenye kovu alililia nyumbani kwao miaka kumi. Shuleni kovu hilo ndilo linalomtofautisha na watu wote wengine, linaitwa kwa heshima na kwa mapenzi, na mchumba wake atalitamka. Sisemi kwamba bwenini hakuna uchokozi. Watoto ni watoto. Binti kiziwi naye anataka miguu ya bia, na anautazama mkorogo kwa jicho la tamaa kama mwingine. Lakini uchokozi unaouelewa unaweza kuujibu, na akijibu wenzake wanacheka pamoja naye.

Waulizeni walimu wa shule za bweni za viziwi kuhusu likizo. Wanafunzi wa shule nyingine huhesabu siku za kufunga shule kwenye ukuta. Kwa viziwi wapo wanaoitazama siku hiyo ikija kama mvua inayomkuta mtu njiani. Mwezi mzima wa "nitakwambia baadaye." Siku hizi simu imesaidia, maana kwa picha ya video kijana wa Mbeya anazungumza kwa mikono na rafiki yake wa Tanga mpaka vifurushi viishe. Wazazi hunung'unika juu ya vocha. Mimi ningemnunulia.

Iwapo bado mnadhani kasoro ni sikio, kuna kisiwa kimoja Marekani kiitwacho Martha's Vineyard. Kwa sababu ya uzazi wa kurithishana, katika karne ya 19 mtu mmoja katika kila watu 155 pale alizaliwa kiziwi, na katika kijiji cha Chilmark ilifika mmoja katika kila 25. Hakuna aliyewahubiria. Wavuvi wanaosikia walijifunza alama utotoni kama walivyojifunza kutembea, wakazitumia kutoka mashua moja hadi nyingine, na dukani, na kanisani. Viziwi walioa wanaosikia, wakamiliki ardhi, wakashika vyeo. Mtafiti Nora Ellen Groce alipokwenda kuwahoji wazee wa kisiwa, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1985, alikuta wazee ambao ilibidi wafikiri kwanza ndipo wakumbuke kwamba jirani yao fulani alikuwa kiziwi. Walimkumbuka kwa uvuvi wake na kwa ukali wake. Kiziwi wa mwisho wa ukoo ule alifariki mwaka 1952.

Huku kwetu sheria zimetangulia mbele ya sebule. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliagiza lugha ya alama iendelezwe, na mwaka 1996 Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia bungeni Kampala pamoja na mkalimani wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ilitunga sheria ya watu wenye ulemavu mwaka huo huo wa 2010. Mwaka 2022 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mashindano ya urembo, utanashati na mitindo ya viziwi wa Afrika, na taji la wasichana likabaki hapa hapa nyumbani. Ninakiri si shabiki wa mashindano ya urembo tangu yalipofufuliwa nchini mwaka 1994. Futi kamba ni chombo cha fundi cherehani. Hata hivyo nilipenda kitu kimoja. Mabinti wale walipita jukwaani wakitazamwa na watu wengi, na mara hii waliotazama walikuja kuwaona, si kuwashangaa.

Basi mzazi afanye nini? Wengi wameshafanya mengi. Wamekwenda kwa waganga, wamekesha kwenye mikutano ya maombi, wameuza kiwanja. Wengine wamepata shimesikio, kile kifaa kidogo cha kukuza sauti, nacho kinamsaidia yule ambaye usikivu wake haujaisha kabisa. Ila mjue kwamba kijana wa miaka kumi na minne atataka kukificha, hasa shule zinapoamuru nywele zikatwe na masikio yabaki wazi. Na akikibana chini ya kofia au ushungi kinaweza kupiga mluzi darasa zima likageuka. Msimgombeze kabla hamjamwuliza kwa nini amekivua. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto, jambo la kujivunia. Lakini upasuaji huo hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo. Kijana wa miaka kumi na sita ambaye hajawahi kusikia hauwezi kumpa mazungumzo ya mezani aliyoyakosa.

Mazungumzo hayo hayauzwi hospitali. Vyama vya viziwi hutoa mafunzo ya lugha ya alama, na hata pasipo mafunzo, mwalimu mmoja mmemlisha wenyewe miaka kumi na mitano na anakaa chumba cha uani. Mwulizeni. Anzeni na "nini" na "nani" na "kwa nini," kisha alama za kusimulia yale mambo ya kondakta wa daladala. Mtakosea, atawacheka, na pengine hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya kwanza kucheka mezani akijua anachekea nini. Mkiisha kuzoeana, mwombeni awape kila mmoja wenu jina la alama. Baba, nakuonya mapema: atakutazama vizuri kutoka utosini hadi miguuni, naye haoni sababu ya kudanganya. Kama una upara, utaitwa kwa upara wako.

Jioni njema.